Vinyonga Kumi na Tisa Ndani ya Neti

Ugunja,
16 Machi 2025

Ndugu yangu Willis,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, ambayo tangu mvua ianze inanidai mapumziko ambayo sina. Mahindi tumeyatia ardhini juzi. Yule ng'ombe wa pembe moja amezaa ndama jike. Sikupaswa kuanza na habari hiyo, lakini nimeshaiandika kwa kalamu na karatasi ni moja.

Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi kana kwamba tumerudi enzi za baba. Nisikilize. Lile nililomwambia mwanangu Jacklyne mwezi uliopita nililisema kwa simu. Mtoto wake alikuwa hata hajazikwa, yeye yuko kitandani hospitalini, nami badala ya kumwuliza kama ametia kitu tumboni nikamwambia, "Nilikwambia uje uzalie nyumbani." Neno lilitoka kabla sijaliona. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu, nami simu nimeifungia kabatini, naitoa nikimhitaji daktari wa mifugo tu. Kwenye karatasi angalau mtu anaweza kufuta.

Nashukuru kwamba ulimchukua akae kwako. Pamoja na barua hii kuna mzigo. Ni unga wa wimbi, nimeusaga na kuushona mdomo mwenyewe. Mpe Jacklyne mkononi. Aufungue yeye, si wewe. Yeye anajua.

Niandikie anaendeleaje. Usinichekeshe, niandikie ukweli.

Ni mimi dadako,
Perez


Kariobangi Kusini,
6 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa Perez,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa niaba ya goti langu la kushoto, ambalo siku hizi ndilo linalotabiri mvua hapa ploti. Majirani huniuliza kabla ya kuanika nguo. Mwanangu Phares anasalimia kutoka Mombasa, yuko kazini. Biashara yangu ya miche inaendelea hapo kando ya barabara. Ukiniona nimeketi katikati ya makopo yangu utadhani nami nimepandwa, na aliyenipanda akasahau kumwagilia. Mapishi, tangu mke wangu Maurine atutoke, ni yale yale. Ugali wangu unaweza kuziba tundu la ukuta.

Mzigo ulifika salama, ahsante sana. Uji tumeukoroga, mtamu.

Sasa Jacklyne. Umesema nisikuchekeshe. Analala akiangalia ukuta. Nikimwambia kula, anakula. Nikimwambia oga, anaoga. Nisipomwambia, anabaki vile vile mpaka jioni. Mumewe Owen alikuja Jumapili mbili, akaketi na kofia yake magotini, hakujua mikono aiweke wapi, kisha akarudi Mukuru kwa Reuben kwenye zamu zake za kiwandani. Ule mfuko wa vitu vya mtoto aliokuja nao uko chini ya kitanda, haujafunguliwa. Nikifagia nauzunguka polepole, nisije nikauamsha.

Lakini kuna jambo limetokea, na nakuomba uketi kwanza. Jumanne ya wiki iliyopita gari lilinishushia miche kutoka Limuru, ya parachichi, matunda damu na kayaba za ua. Nikiwa napanga makopo nikaona kijiti kimoja kina macho. Kinyonga, dada. Mnene, tumbo limejaa. Unanijua, mimi ni shujaa wa mdomo. Nilirudi nyuma nikakanyaga parachichi mbili. Kivuva, fundi wa kuchomelea ambaye kibanda chake kinapakana na miche yangu, akaja na kipande cha chuma ammalize. Sijui kwa nini nilimzuia. Nilimwambia kinyonga ni wa mteja. Nikambeba na kopo lake hadi nyumbani, nikamweka balkoni, nikikusudia kesho yake kumpeleka mahali penye miti.

Asubuhi alikuwa anazaa. Hakutaga mayai, alizaa kabisa. Mmoja mmoja, kila mmoja ndani ya utando wa ute, anadondoka juu ya jani, anatulia kidogo, halafu anaupasua na kuanza kutembea kana kwamba amechelewa kazini. Nilihesabu kumi na tisa, na hakuna aliyezidi njiti ya kiberiti. Mwalimu Wakiuru wa ghorofa ya juu, anayefundisha sayansi, alishuka kuwaona. Akanieleza kwamba kinyonga wa namna hii akishazaa hana habari tena na watoto, anashika njia yake. Na kweli, kufikia saa nne mama yao alikuwa ameshuka kwa bomba la maji, hakugeuka hata mara moja, akapotelea kwenye ua wa kanisa.

Nimesimama hapo na yatima kumi na tisa, sijui nianzie wapi, mlango wa chumba ukafunguka. Jacklyne alikuwa hajatoka chumbani bila kuambiwa tangu aje. Akawaangalia. Akarudi ndani, nikasikia zipu. Ule mfuko, dada. Akatoka na neti ndogo ya mtoto, zile zinazofunguka mfano wa mwavuli, bado ina karatasi ya duka. Akaibandua karatasi, akaikunja akaitia mfukoni, akaifungua neti na kuwafunika pamoja na makopo matatu ya miche.

"Nera, ndege watawala," akasema.

Bado ananiita Nera, mjomba wake, hata tukizungumza Kiswahili chetu hiki cha kwota za reli, zile nyumba za wafanyakazi tulikokulia. Ndiyo maneno mengi zaidi aliyoyasema kwa wakati mmoja tangu Februari. Sijui kama nililoliona ni zuri au ni baya. Nilikwenda jikoni nikaunguza chai.

Nduguyo asiye na maarifa,
Willis


Ugunja,
27 Aprili 2025

Ndugu yangu Willis,

Salamu. Mahindi yamefika magotini. Ndama anakua. Mchungaji anakuulizia, anasema ulipokuja Krismasi uliahidi kuleta miche ya kupanda kanisani, na Krismasi yenyewe hakusema ni ipi.

Nimesoma barua yako. Sehemu moja nimecheka, sehemu mbili nimepata baridi.

Vinyonga, Willis? Ndani ya nyumba alimolala mtoto wangu aliyetoka kuzika? Wewe ulizaliwa wapi? Hapa mwanamke anayetaka kuzaa akikutana na kinyonga njiani anageuka na kurudi alikotoka, awe na haraka namna gani. Najua mwalimu wako atasema ni ujinga. Mwalimu wako hakumzaa Jacklyne. Watoe. Wapeleke kwenye ua huo wa kanisa, mama yao yuko huko.

Na kuhusu huyo mama aliyeshuka kwa bomba bila kugeuka, nimesoma hapo mara mbili. Kama una jambo la kuniambia kuhusu akina mama, niambie kwa jina langu, usipitie kwa mnyama. Mimi sikushuka kwa bomba lolote. Nilifungiwa mlango.

Unga nao. Umeandika karatasi nzima ya vinyonga na mstari mmoja wa unga. Aliufungua yeye mwenyewe? Alisema nini? Ni swali dogo, lijibu.

Dadako,
Perez


Kariobangi Kusini,
18 Mei 2025

Dada Perez,

Natumaini miguu imepata nafuu. Sisi huku tunasukuma siku. Mchungaji mwambie miche iko njiani, tena inatembea kwa miguu.

Kwanza nisamehe kuhusu lile la bomba. Naapa sikukulenga wewe. Niliandika nilichokiona, na mimi ndivyo nilivyo, jicho linaona na mkono unaandika, akili inafika jioni. Wewe unajua kwamba nikitaka kukulenga huwa nakosa shabaha.

Sasa ukweli, kwa kuwa uliuomba. Hawapo tena kumi na tisa. Mwalimu Wakiuru alikuwa amenionya kwamba hawawezi kukaa pamoja muda mrefu. Wanavyokua wanatishana, wadogo wanaacha kula. Nikajiona fundi. Nikachukua ndoo mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, nikatoboa matundu kwa msumari wa moto, nikawagawa, nikaziweka balkoni wapate jua la asubuhi, halafu nikaenda kwenye miche yangu. Lile jua halikuwa la asubuhi tu. Niliporudi saa saba, watano katika ndoo moja walikuwa wamekauka. Plastiki inafungia joto, mtoto wa shule analijua hilo.

Aliyewakuta si mimi. Ni yeye. Alikuwa amewapanga kwenye kitambaa, watano, mikia imenyooshwa. Hakunilaumu. Alirudi kitandani na kuangalia ukuta siku tatu, nami siku hizo tatu nilijiuliza kama isingekuwa heri nimwache tu Kivuva na chuma chake ile siku ya kwanza. Nilisema moyoni, Perez ana haki, huyu mnyama ameleta kifo cha pili nyumbani, tena kimepitia mikononi mwangu.

Siku ya nne aliamka kabla yangu. Alizitupa ndoo zangu. Akachukua makopo kumi na manne ya miche, kila mmoja na kopo lake, katikati akaweka kadibodi wasionane, na neti ikawafunika wote. Kila asubuhi na jioni anapuliza maji kwenye majani kwa chupa ya kupulizia nywele, maana hawajui kunywa kwenye sahani, wanalamba matone. Mimi kazi yangu ni chakula. Nafika soko la Kariobangi na kumwomba mama mboga sukuma wiki yenye vidukari, wale wadudu wadogo wa majani. Mara ya kwanza alidhani namdhihaki. Sasa ananiwekea kando ile mbovu kuliko zote na kuwaambia wateja wenzangu niombewe. Nimeoza ndizi nyuma ya jiko ili zilete vijinzi, na zimeleta, pamoja na Kivuva aliyekuja kuuliza nani amekufa.

Kivuva amewaambia watu wa ploti kwamba nafuga uchawi. Wanawake wawili wamehamisha kamba zao za nguo. Msimamizi amenipa onyo la mdomo, nami nikamwahidi ni makao ya muda tu. Mwalimu Wakiuru alikwisha kuwapigia simu watu wa wanyamapori, wakamwambia si wa kufuga, warudishwe walikotoka. Aliyenishushia miche hakumbuki ilitoka shamba gani. Babake Wakiuru ana shamba na ua mkubwa wa miti kule Limuru, lakini sasa wanapulizia kabichi dawa, hakuna mdudu atakayebaki wa kuliwa. Tumekubaliana Agosti, kabichi zikishavunwa.

Siwezi kuwatoa sasa, dada. Nielewe. Si kwamba amepona. Ila anaamka.

Unga aliufungua mwenyewe. Aliumaliza mpaka chini. Hakusema kitu, ila ulimfurahisha, nilimwona.

Nduguyo,
Willis


Ugunja,
8 Juni 2025

Willis,

Hatujambo. Palizi imekwisha.

Kama aliumaliza mpaka chini na hakusema kitu, basi nimeelewa. Usiniulize nimeelewa nini. Sitawasumbua tena na mizigo.

Vinyonga fanya upendavyo. Mwambie Jacklyne ajifunike, najua baridi ya huko mwezi wa saba.

Perez


Kariobangi Kusini,
22 Juni 2025

Dada Perez,

Barua yako ni fupi mpaka niligeuza karatasi kutafuta iliyobaki. Nimekukosea wapi? Kama ni vinyonga, sema. Kama ni lile la bomba, niliomba radhi na naomba tena. Nilipiga simu yako mara sita, imezimwa kama kawaida. Nilimwuliza kondakta kama unaonekana mzima, akasema ulimpa bahasha bila kumsalimia. Wewe, Perez, bila kumsalimia mtu?

Jacklyne aliniuliza jana, akiwa ananipa mgongo, kama barua zako huwa zinamtaja. Nikamwambia zinamtaja. Akauliza zinasema nini. Nikasema ajifunike. Alisimama na chupa ya maji mkononi, akasema, "Basi?"

Andika hata matusi.

Willis


Kariobangi Kusini,
13 Julai 2025

Dada yangu Perez,

Nakusalimu, nawasalimu wote hapo, na leo sina mzaha wa kuweka mwanzoni. Nina jambo la kukiri. Lisome ukiwa umeketi, na ukimaliza unaweza kuniita jina lolote, nitaitikia.

Unga wako hatukuukoroga. Jacklyne hakuufungua. Hakujua hata kwamba ulikuja.

Nilipoupokea stesheni niliunusa, nikajua ni wimbi. Wewe mwenyewe ulimletea Maurine unga huo alipomzaa Phares. Kwetu unga wa wimbi unapelekewa mwanamke aliyejifungua. Nikajiambia, Perez amekosea tena. Kwa simu alimpiga kwa neno, sasa anampiga kwa uji wa mzazi, na mtoto hayupo. Nikaupandisha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la Maurine. Nilidhani namlinda. Ulipouliza nikasema uongo mdogo, ulipouliza tena nikasema mkubwa, ule wa "mpaka chini," maana nilitaka ufurahi. Dada, katika maisha yangu sijawahi kulenga kitu nikakipata barabara hivyo.

Sasa sikia ulivyofunguliwa. Baridi imebana huku, jua hatujaliona kwa siku kumi. Vijinzi vya ndizi vimekufa, vidukari vimepotea sokoni. Vinyonga watatu zaidi walikufa kwa baridi, wamebaki kumi na mmoja, nao tuliwaingiza sebuleni na neti yao. Hawakuwa wanakula. Jacklyne alikuwa ameanza tena kunyamaza, na mimi kila asubuhi niliogopa kufungua mlango wa sebule kabla yake.

Jumatano jioni nondo wadogo wa kijivu wakaanza kuzunguka taa. Mmoja wa vinyonga akatoa ulimi kutoka nyuma ya jani, akamnasa mmoja aliyepenya ndani ya neti. Wa kwanza kula kwa siku tatu. Jacklyne akasimama.

"Nera, hawa nondo wanatoka wapi?"

Nikasema sijui, nikaangalia dari. Ndani ya nyumba yangu mtu hawezi kuangalia dari bila kuangalia juu ya kabati. Akavuta kiti, akapanda, akauteremsha mfuko. Ulikuwa umejaa utando na nondo. Alikuwa tayari kuukung'uta juu ya makopo, ndipo akauona uzi wa bluu.

"Hii ni mishono ya Mama," akasema. "Ulikuja lini?"

"Machi."

Alikata uzi kwa meno. Hakuchota unga. Alizamisha mkono wote mpaka kiwiko, moja kwa moja chini kabisa, kana kwamba kuna mtu alimwonyesha mahali, akatoa barua iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Dada, nakuapia kaburi la Maurine, sikujua. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba alipokuwa shule ya bweni, matroni alikuwa akisoma barua zote, nawe ukawa unamfichia zako chini ya unga na kushona kwa uzi wa bluu. Ndiyo maana uliandika "yeye anajua." Nami nilikuwa sijui.

Aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma tena akiwa ameketi sakafuni, mkono mweupe mpaka kiwiko, nondo wakiruka juu ya kichwa chake. Niliosha kikombe kimoja muda mrefu sana.

"Alikuwa anangoja jibu," akasema. "Tangu Machi."

Nikamwambia nilidhani ni unga tu.

"Hata ungekuwa unga tu, Nera."

Hakunisemesha siku tatu. Vinyonga aliwalisha; nondo walikuwa wengi na wanyama walikula mpaka wakabadilika rangi. Mimi nilikula mwenyewe jikoni, na nilistahili. Leo asubuhi baada ya kanisa amenipa bahasha hii niliyoitia ndani ya hii yangu. Utaona ameifunga kwa gundi, juu ya gundi selotepu, na juu ya selotepu pini tatu. Nadhani ulimsimulia jinsi nilivyofungua barua yako ya yule kijana wa stesheni nikiwa na miaka kumi, nikaisomea kwota nzima nikiwa juu ya tangi la maji. Sikuifungua hii. Sikuiinua hata kwenye mwanga.

Jumamosi ya tarehe tisa Agosti Mwalimu Wakiuru atatupeleka Limuru kuwaachilia, kabichi zitakuwa zimekwisha. Jacklyne amesema atawabeba yeye mwenyewe. Baada ya hapo makopo yatakuwa matupu, na sijui asubuhi zitakuwa namna gani. Naogopa, dada. Nimekuwa nikilijua hilo tangu Mei, nikakuandikia habari za mama mboga.

Nisamehe, ukiweza. Usipoweza, niandikie tu kwamba umeipata yake.

Nduguyo,
Willis


Ugunja,
27 Julai 2025

Ndugu yangu Willis,

Salamu kutoka nyumbani. Mahindi mabichi tayari tunachoma. Ndama ameachishwa kunyonya na analia kutwa, hatulali mchana. Miguu yangu inauma na nimeamua isinishauri.

Nimeipata yake. Pini zile tatu zilikuwa mahali pake zote.

Nilikukasirikia siku nne. Siku ya tano nilikuwa naandaa maneno ya kukupiga nayo, nikayasikia masikioni, nikayatambua. Yalikuwa na sauti ile ile ya Februari. Nikayaacha.

Lakini nikuambie kuhusu wimbi, kwa sababu umezeeka na bado hulijui. Alijifungua, Willis. Mtoto hakukaa, lakini mwili ule ulijifungua, ulipasuka, ukatoka damu, na maziwa yalikuja hata kama hapakuwa na wa kuyanyonya. Nani alimpa uji? Ninyi wote mlimzunguka kwa kunyata mkijifanya hakuzaa. Mimi nilimsemesha vibaya, lakini angalau nilikumbuka kwamba alizaa. Hilo ndilo nililotaka kusema kwa unga. Mengine niliyoyaweka chini ya unga ni yangu na yake, na safari hii hutayasoma juu ya tangi lolote. Nilikuficha wewe kama nilivyomficha matroni, nikasahau kwamba matroni alikuwa anafikisha mizigo.

Jacklyne hajanisamehe. Ameandika hivyo, mstari wa kwanza kabisa, bila salamu. Anasema nisimpigie simu bado, akisikia mlio wake anarudi kwenye kile kitanda cha hospitali. Ameniuliza mambo mawili ambayo sitakuandikia, na nimekaa na karatasi wiki nzima nikitafuta majibu yake, sijayapata, nitakuja bila majibu. Halafu ameandika habari za wanyama wake. Ukurasa mzima, kila mmoja na tabia yake. Kuna mmoja mvivu ambaye anasema anakufanana.

Mstari wake wa mwisho unasema unga umeliwa na nondo, na nondo wameliwa na vinyonga, kwa hiyo yeye uji hajauonja. Nimletee mwingine.

Nimeusaga jana. Nitapanda basi la Alhamisi tarehe saba, ili Ijumaa akoroge na Jumamosi tuende wote Limuru. Vinyonga bado nawaogopa; nitasimama mbali, lakini nitasimama mahali anaponiona. Mkishawaachilia, ile neti msiifue wala msiikunje. Nitaifua mimi.

Njoo unipokee stesheni. Nitakuwa na kikapu cha kuku na mahindi ya kuchoma, hivyo utabeba wewe. Unga utakuwa magotini mwangu. Usiuguse.

Dadako,
Perez